Sura ya Sita: Nyumba Ikishawazidi Wenyewe

Nyumba nyingi za Dar es Salaam huisha kujengwa wakati waliojengewa wameshaondoka. Mtu hununua kiwanja Ukonga, Tabata au Mbezi angali na watoto wadogo, akafyatua matofali kwa mkopo wa SACCOS, akasimamisha boma, akalala miaka mitatu bila kuongeza kitu, akaezeka, akahamia pakiwa hapana hata dari. Chumba kinaongezwa mtoto anapozaliwa, kingine mtoto wa kaka anapoletwa mjini kusoma. Marumaru za sebuleni zinawekwa mwaka ambao kitinda mimba anakwenda chuo. Kisha inafika siku ya kustaafu, miaka 60 kwa lazima, na wanaobaki ni mzee, mama na binti wa kazi, ndani ya vyumba vitano, sebule mbili na stoo ambayo mlango wake haufunguki wote.

Nyumba ya namna hiyo haijui kwamba watu wamepungua. Paa la vyumba vitano linavuja kama paa la vyumba vitano. Korido inataka kudekiwa, wavu wa madirisha unachakaa kote, hata kwenye vyumba visivyolalwa, na mama mwenye goti bovu anatembea kutoka chumbani hadi jikoni mara kumi kwa siku.

Kwingine duniani mtu wa umri huo huuza nyumba akanunua ndogo. Kwetu ni nadra. Nyumba ndiyo mahali watoto wanaporudi Krismasi na Idi, ndipo msiba unapowekwa, na jirani akisikia umeuza ukiwa mzima wa afya atadhani umefilisika au mmegombana. Kwa hiyo kupungua kwetu hufanyika ndani ya kuta zile zile: nyumba inakatwa, wenyewe wanabaki na upande mmoja, upande wa pili unapangishwa. Sura hii inahusu kazi hiyo, na sehemu kubwa yake haigusi saruji hata kidogo.

Kukata nyumba si jambo jipya hapa mjini. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ilizaliwa imeshakatwa. Baraza mbele, mlango, korido ya katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, halafu ua wenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba akiwa na familia kubwa alishika vyumba vinne na kupangisha viwili. Watoto wakishaoa na kuolewa alirudi nyuma taratibu, chumba kimoja kimoja, mpaka bibi mjane akabaki na chumba cha mbele kinachotazama barabara, na kodi ya vyumba vitano ikamlisha. Hapakuhitajika fundi wala ramani. Kilichobadilika ni nani ana ufunguo wa mlango upi.

Nyumba tulizokuja kujenga baadaye hazikatiki hivyo. Unaingia moja kwa moja sebuleni, na bila kupita sebuleni hufiki chumba chochote. Chumba cha masta kina choo chake, vingine vyote vinagombea kimoja. Kuna chumba cha chakula ambacho watu hukalia mara mbili kwa mwaka, siku nyingine wanakula wakitazama taarifa ya habari. Nina ugomvi wa muda mrefu na wachora ramani wetu juu ya hili. Kijana wa miaka 35 anapoleta kiwanja chake, hakuna anayemuuliza nyumba hiyo itakaliwaje akiwa na 65. Mlango mmoja zaidi ubavuni na bomba moja zaidi la majitaka chini ya jamvi vingegharimu kidogo sana wakati ule, na vingemwokoa kuvunja ukuta uzeeni.

Basi mzee amepata mkupuo wa mafao, na jambo la kwanza analofanya ni kumwita fundi. Fundi anakuja Jumamosi, anapigapiga kuta kwa kifundo cha kidole, anataja idadi ya mifuko ya saruji na kudai fedha ya kuanzia. Jumatatu vumbi limeanza. Na vitu? Vinasogezwa. Makabati yanahamishiwa sebule ndogo, masanduku yanapandishwa juu ya makabati, magodoro ya wageni yanasimamishwa koridoni. Ukuta wa kugawa nyumba unajengwa huku mali ya watu kumi ikiwa imebanwa upande wa watu wawili. Mwisho wa kazi wazee wanaishi ndani ya stoo yenye kitanda. Nimeona nyumba ambayo chumba kizuri kuliko vyote, chenye dirisha la upepo, kimebaki bila mpangaji kwa sababu kinatunza sofa. Sofa hazilipi kodi.

Kwa hiyo vitu vitangulie, fundi afuate. Tena vitangulie kwa miezi, kwa sababu vitu vya nyumbani haviondoki kwa amri.

Mjapani Marie Kondo amejulikana dunia nzima kwa njia yake ya kupunguza vitu: shika kila kimoja mkononi, ujiulize kama kinakupa furaha, kisichokupa furaha ukiage. Msweden Margareta Magnusson aliandika mwaka 2017 juu ya desturi ya kwao ya wazee kusafisha nyumba kabla ya kufa, ili wanaobaki wasiachiwe kazi. Nimewasoma wote wawili kwa faida. Lakini wote wanadhani aliyeshika kitu ndiye mwenye nacho. Ingia katika stoo ya Ukonga na swali la furaha. Cherehani ya Singer iliyo pembeni ni ya shangazi, aliiacha alipohamia Tanga. Begi la chuma lina madaftari ya mtoto wa pili. Sufuria kubwa tatu ni za kikundi cha akina mama, mweka hazina alikuwa mama mwenye nyumba, kikundi kilikufa na sufuria zikabaki. Baiskeli ya Swala ni ya marehemu mjomba. Kigoda ni cha ukoo, na hakuna anayethubutu hata kukikalia. Kabla ya kuuliza kama unakipenda, uliza ni cha nani. Swali hilo peke yake linamaliza nusu ya stoo.

Anayejua majibu mara nyingi ni mama. Mzee anajua nyumba ilijengwaje, mama anajua nani alileta nini, siku gani, na kwa maneno gani. Akae naye binti au mkwe mwenye daftari, waandike. Vya watu wengine vipigiwe simu: “Shangazi shikamoo, cherehani yako bado ipo. Tunaikarabati nyumba. Utaifuata, au tumpe nani?” Shangazi karibu siku zote atasema mpeni fulani. Ruhusa hiyo ina thamani kuliko cherehani yenyewe, kwani kitu kilichoondoka bila ruhusa huja kukumbukwa kwenye kikao cha msiba, mbele ya watu wote.

Watoto ndio wagumu. Mwanao ana nyumba ya kupanga Dodoma, vyumba viwili, hana pa kuweka kabati lake la shule ya msingi, na hataki litoke. Kwake nyumba ya wazazi ni ghala lisilo na kodi. Hapa mzazi awe na msimamo. Tangaza kwenye kundi la familia la WhatsApp, piga picha kila kitu, toa muda. Sikukuu ndiyo inayofaa, maana wote watakuwepo na magari yatakuwepo. Kisichochukuliwa sikukuu hiyo kitatolewa. Wazazi wengi hutangaza hivyo na kulegea ikifika siku, nao watoto wanalijua hilo vizuri.

Kuna vitu vinavyokaa ndani kwa heshima tupu. Kabati la vioo lenye vyombo vya wageni ni la kwanza. Glasi zenye mstari wa dhahabu, bakuli za kaure, birika la chai lisilowahi kuona chai. Wageni waliowekewa vyombo hivyo siku hizi wanakunywa maji ya chupa na kuondoka na chupa. Ushauri wangu ni kuvitoa kabatini na kuanza kuvitumia leo, chai ya asubuhi. Vitakavyovunjika vimepata heri yake, vitakavyobaki vitakuwa vichache na vyenye kazi.

Vyombo vya shughuli ni mfano mwingine. Zamani nyumba yenye sufuria za kupikia pilau la watu mia ilikuwa nguzo ya mtaa, kila msiba na kila ndoa walikuja kuazima. Leo kila mtaa una mkodishaji wa maturubai, viti, sufuria na majiko, na vyombo vinaletwa kwa kirikuu na kuondolewa kesho yake. Sufuria zako hazijaazimwa tangu lini? Kama madrasa au kigango kilicho jirani kinapikia watu wengi, zipeleke huko ziendelee na kazi yake.

Kanga ni habari tofauti, na hapa siamini katika haraka. Mama wa umri huu ana sanduku lenye doti nyingine bado zina karatasi, nyingine za kiwanda cha Urafiki kilichoanza kazi mwaka 1968, nyingine za sare za misiba na harusi ambazo maharusi wenyewe wamekwisha achana. Usimwambie azipunguze. Mwache azigawe mwenyewe, kwa jina: hii ya fulani, hii ya mke wa fulani. Kanga kuukuu iliyofuliwa miaka mingi ni laini kuliko kitambaa chochote cha dukani, na mjukuu atakayezaliwa ataihitaji zaidi ya mtu yeyote. Kanga ni kitu kimoja ninachokijua ambacho uzee wake unakipandisha daraja.

Runinga ya kichogo haina bahati hiyo. Nyingi zilistaafishwa baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Yenyewe ingeweza kuendelea kwa king'amuzi, lakini familia ilipata sababu ya kununua bapa. Kioo chake kina risasi ndani, ile metali, na haifai kuvunjwa uani na watoto wanaotafuta shaba. Mpe fundi wa redio na runinga ambaye bado anavua vipuri, umwambie achukue yote, asiache ganda.

Vyuma ni rahisi. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita na guta lake, anapima kwa kilo, na mzani wake unastahili kutazamwa kwa macho mawili. Nguo na viatu vina wale akina mama wa mali kwa mali, wanaopita na mabeseni ya plastiki kichwani na kubadilishana: suruali tatu kwa beseni, gauni kwa jagi. Ni biashara nzuri, ila ina mtego. Umeanza asubuhi kupunguza vitu, jioni una mabeseni sita mapya. Omba fedha, hata kidogo.

Samani nzito za mninga na mvule zisiuzwe kwa mtu wa kwanza. Kitanda cha mninga cha miaka ya themanini ni mbao ambayo leo ni ghali, na mafundi wa Keko wanalijua hilo kuliko wewe. Kitanda cha sita kwa sita kisichoingia chumba kipya kinaweza kukatwa kikawa cha nne kwa sita, na mbao zinazobaki zikatoa meza ya kando. Vivyo hivyo milango. Fundi wa ukarabati atakushauri utoe milango ya zamani uweke ya kisasa, kisha kwa upole ataomba akusaidie kuiondoa ile ya zamani. Milango ya mninga haitafunwi ovyo na mchwa. Ipige msasa, ipake vanishi, ibaki. Kama lazima itoke, ihesabiwe bei kwenye ufundi.

Halafu kuna jibu ambalo kila familia hulifikia jioni, watu wakishachoka: “Tupeleke kijijini.” Silipendi jibu hili. Kijijini hakuna shimo la ajabu linalomeza sofa. Unalipa Fuso, unavuka mizani, unafika na viti vilivyovunjika chemchemi, na mdogo wako anavipokea kwa adabu kwa sababu wewe ni mkubwa. Sasa yeye ndiye mwenye stoo isiyofunguka. Kabla hujapakia, mpigie, umtajie vitu kimoja kimoja, na umwambie wazi kwamba kukataa si kukosa heshima. Mara nyingi atachagua vitu viwili. Mwaka fulani wa ukarabati, mtu aliyeulizwa hivyo alitaka mlango na pasi ya mkaa, basi.

Kitu kimoja kisiguswe na mikono yenye haraka: karatasi. Watu hutupa makabrasha ya zamani kwa furaha kuliko kitu chochote, kwa sababu yananuka na yana mende. Ndani yake kuna ofa ya kiwanja, leseni ya makazi, risiti za kodi ya ardhi, ramani iliyopigwa muhuri, vyeti vya ndoa na vya vifo. Kuna barua ya kwanza ya ajira na ya kuthibitishwa kazini. PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa mwaka 2018 zikawa PSSSF, na mstaafu mwenye dosari katika kumbukumbu zake huulizwa barua zile zile za miaka arobaini nyuma. Kabrasha lipitiwe na mtu anayejua kusoma mihuri, mezani, mchana. Picha na barua za mapenzi zije mwisho kabisa. Anayeanza na picha hamalizi stoo.

Na kinyume na nilichosema chote, bakisha boksi moja la marumaru zilizosalia. Kila toleo la kiwanda lina rangi yake, na siku bomba litakapopasuka chini ya sakafu hutapata inayofanana Kariakoo nzima.

Sasa fundi anaweza kuja. Stoo ni tupu, na kwa mara ya kwanza tangu mlipohamia mnaona ukubwa wa nyumba yenyewe.

Swali la kwanza ni upande upi ubaki kwa wenyewe. Wazee wengi, kwa kuhurumia kodi, huwapa wapangaji nyumba kubwa na kuhamia banda la uani. Sipingi, ila kwa sharti moja: banda liwe na choo na bafu ndani. Mzee wa miaka 70 anayevuka ua usiku wa mvua kwenda chooni atavunjika nyonga, na matibabu ya nyonga yatakula kodi ya miaka. Kama banda halina choo, bakini nyumba kubwa upande wa masta, mpangishe upande wa pili na banda pia.

Sehemu ya wazee ijengwe kwa mwili wa baadaye. Marumaru za bafuni ziwe zenye mikwaruzo, siyo zile zinazong'aa kama kioo. Choo kiwe cha kukaa, chenye chuma cha kushikia kilichochimbiwa ukutani kwa boliti, maana skrubu kwenye plasta tupu hung'oka siku ile ile inayohitajika. Mlango wa bafu uwe na upana wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite kikihitajika. Kizingiti kiondolewe. Swichi iwe karibu na kitanda.

Kuta za ndani zisivunjwe kwa kubahatisha. Katika nyumba zetu nyingi kenchi zimeegemea pia kuta za kati, na fundi anayetaka sebule ipanuke hatakuwepo paa litakapoanza kulalia upande. Mabadiliko ya namna hiyo yanataka kibali cha halmashauri, na kibali kinataka mchoro wa mtu aliyesomea. Nyumba ya zamani yenye paa la asbesto inataka uangalifu zaidi: vigae hivyo visikatwe kwa msumeno, visivunjwe, visifagiwe vikavu. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani ambayo hujitokeza baada ya miongo mingi. Vilowanishwe, vishushwe vizima, na afisa mazingira aulizwe vinapelekwa wapi kabla ya ngazi kuegeshwa.

Chini ya ardhi kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Karo la majitaka lilichimbwa kwa familia moja. Ukileta wapangaji wawili wenye watoto, wenye kufua kila siku, litajaa mara tatu zaidi, na gari la kunyonya litakuwa mgeni wa kila msimu. Chimba la pili kabla ya kupaka rangi. Umeme nao utenganishwe. Sabmita huleta ugomvi wa hesabu kila mwezi. Mita ya pili ya TANESCO inaleta amani, ila tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo fuatilia mapema nyumba moja isije ikakatwa mara mbili.

Rangi, jipsamu na taa za dari sina la kusema. Fedha ikibaki, weka.

Limebaki la sheria, nalo liko karibu kuliko watu wanavyodhani. Vile vitu ulivyosema “hiki ni cha fulani nikifa”, kama ni vya thamani, mkabidhi fulani ukiwa hai, mbele ya ndugu zake. Kwa Muislamu hili lina uzito zaidi, kwa kuwa wasia hauvuki theluthi moja ya mali na hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie, wakati hiba iliyokabidhiwa imekwisha. Nyumba yenyewe, kama ni ya ndoa, ina kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: hakuna mwanandoa anayeruhusiwa kuiuza, kuitoa zawadi, kuiweka rehani wala kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake. Wengi wanajua la kuuza. La kupangisha hawalijui, na mzee huchukua kodi ya miezi sita kutoka kwa dalali kabla mama hajasikia. Mkataba wa kwanza wa mpangaji usisainiwe mpaka mwenzako ameusoma na yeye ameweka sahihi.